Jiko Likizimwa: Uhakiki wa Ukarabati wa Migahawa ya Kale kuwa Vituo vya Wageni, na Funzo Lake kwa Rusizi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki desturi ya kukarabati migahawa ya kale na kuigeuza vituo vya kupokea wageni. Mifano inatoka Shamrock, Latrobe na Greensboro nchini Marekani, Dar es Salaam nchini Tanzania, na mtaa wa Biryogo jijini Kigali. Baada ya ulinganishi huo, makala yanauangalia mji wa Rusizi (Cyangugu), ulioko mpakani mwa Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja kuu ni kwamba ukarabati wa aina hii huelekea kuokoa kuta na kaunta, huku ukiyaacha nje mambo matatu yaliyoufanya mgahawa uwe mgahawa: mpishi, mlaji wa kila siku, na lugha iliyowaunganisha. Makala yanahitimisha kwa masharti matano ambayo watungasera wangeyazingatia kabla ya jengo lolote la namna hiyo kuguswa.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2023 Hifadhi ya Taifa ya Nyungwe, yenye eneo la takriban kilomita za mraba 1,019, iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka huohuo maeneo manne ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, yaani Nyamata, Murambi, Gisozi na Bisesero, yaliingizwa pia. Kwa kusini-magharibi mwa Rwanda, hatua hizi mbili zina maana moja ya kiutendaji: wageni wataongezeka, na watahitaji kupokelewa. Ndani ya Nyungwe vipo vituo vya mapokezi, Uwinka, Gisakura na Kitabi. Lakini mgeni anayeishia msituni hajaufika mji. Chini ya msitu kuna Kamembe, kitovu cha biashara cha Wilaya ya Rusizi. Na chini ya Kamembe, kando ya Ziwa Kivu, kuna Cyangugu ya zamani, ukingoni mwa mto unaotoka ziwani kuelekea Tanganyika. Ng'ambo ya mto ni Bukavu.

Katika mazingira kama haya, wazo la kuchukua jengo la kale la kulia chakula, kulikarabati na kulifanya kituo cha wageni lina mvuto mkubwa. Ni nafuu kuliko kujenga upya, linaokoa sura ya mji, na linampa mgeni kitu cha kupiga picha. Wazo hilo limekwisha kutekelezwa kwingineko duniani, na si vigumu kutabiri kwamba siku moja litawekwa mezani Rusizi. Kusudi la makala haya ni kulihakiki kabla halijafika, kwa sababu uhakiki unaokuja baada ya mkandarasi kulipwa hauna msaada kwa yeyote.

2.0 Mgahawa kama Dhana

Istilahi za Kiswahili zinatoa mwanga ambao nyaraka za uhifadhi hazina. Neno mgahawa, na mwenzake mkahawa, linahusiana na kahawa: mahali pameitwa kwa kinywaji kinachotolewa hapo. Mama ntilie wa Tanzania ameitwa kwa mpishi na kwa ombi la mteja wake. Sahani ya "mélange" ya Rwanda, ambayo mteja huijaza kwa bei moja aliyoijua kabla ya kuketi, imelipa jina lake pendekezo zima la chakula cha mchana mijini. Hata neno hoteli, ambalo kwa asili yake ya kigeni linataja jengo lenye vyumba, limegeuzwa na wazungumzaji wa Kenya na Tanzania likawa mahali pa kula tu, pawe pana kitanda au la.

Kwa hiyo, katika fikra za wazungumzaji, mgahawa ni tendo kabla ya kuwa jengo. Ni tendo la kupika, kutilia, kula, kulipa na kuzungumza, linalorudiwa kila siku na watu wanaofahamiana kwa sura hata kama hawafahamiani kwa majina. Jengo ni ganda la tendo hilo. Mhifadhi anayeorodhesha bati, dirisha na sakafu ameorodhesha ganda. Si kosa kuorodhesha ganda, kwa kuwa bila ganda mvua hunyesha ndani. Kosa ni kulihesabu ganda kuwa urithi wote.

3.0 Vigezo vya Uhakiki

Uhakiki huu unatumia maswali matatu. La kwanza: baada ya ukarabati, nani anakula pale, na kwa bei gani? La pili: maelezo ya ukutani yanatumia lugha ya nani, na yanamwambia nani? La tatu: historia inayosimuliwa inamtaja aliyekatazwa kuingia, au inamtaja aliyeingia peke yake?

Maswali haya yametokana na methali inayojulikana na wengi: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali haisemi mgeni njoo, mwenyeji apishe. Kipimo cha kituo chochote cha wageni, basi, ni hali ya mwenyeji baada ya mgeni kuondoka.

4.0 Mifano ya Marekani: Shamrock, Latrobe na Greensboro

Marekani ndiyo iliyoukuza mgahawa wa barabarani kuwa urithi unaotambuliwa na sheria, hivyo ni haki kuanza huko. Katika mji mdogo wa Shamrock, jimbo la Texas, jengo la U-Drop Inn lilijengwa mwaka 1936 penye makutano ya Barabara ya 66 na barabara ya 83. Lilikuwa kituo cha mafuta na mgahawa kwa pamoja. Magari yalipohamia barabara kuu mpya, biashara ilififia na hatimaye mgahawa ukafungwa katika miaka ya 1990. Jengo liliingizwa katika rejista ya kitaifa ya mahali pa kihistoria mwaka 1997. Mwaka 1999 benki ya hapo ililinunua na kulikabidhi kwa mji. Kwa ruzuku ya serikali kuu ya dola takriban milioni 1.7, mji wenye wakazi wapatao 2,000 tu ulilikarabati. Leo ni kituo cha wageni na ofisi ya chama cha wafanyabiashara.

Kwa kipimo cha ufundi, kazi ile inastahili sifa. Kwa kipimo cha swali la tatu, ina pengo. Mwaka uleule wa 1936, Victor Hugo Green alianza kuchapisha jijini New York kitabu cha mwongozo kilichowaeleza Wamarekani Weusi ni wapi wangeweza kula, kulala na kununua mafuta bila kufukuzwa. Katika Texas ya wakati ule ubaguzi wa rangi ulikuwa na nguvu ya sheria na ya desturi. Barabara moja, basi, ilikuwa na ramani mbili: ya aliyesimama popote alipoona njaa, na ya aliyebeba chakula chake garini kwa kuogopa kusimama. Mgeni anayeelezwa juu ya taa za rangi na mnara wa jengo, bila kuelezwa juu ya ramani ya pili, amepewa nusu ya barabara.

Mfano wa pili uko karibu na Latrobe, Pennsylvania, ambako mgahawa wa Serro wa mwaka 1938 umerejeshwa ndani ya makumbusho ya Barabara Kuu ya Lincoln. Mgahawa huu uliundwa kiwandani, ukahamishwa zaidi ya mara moja katika maisha yake, na sasa umetulia chini ya paa la makumbusho. Mgeni huketi humo akapewa kahawa na kipande cha pai. Hapa swali la kwanza limejibiwa nusu. Kinywaji kimerudi, na mdomo umerudishwa katika historia. Lakini anayekula ni mwenye tiketi. Dereva wa lori aliyeingia saa kumi alfajiri kwa sababu ana njaa, na si kwa sababu ana hamu ya historia, hayupo tena.

Mfano wa tatu unatofautiana na hiyo miwili. Tarehe 1 Februari 1960, wanafunzi wanne Weusi, Ezell Blair, Franklin McCain, Joseph McNeil na David Richmond, waliketi kwenye kaunta ya chakula katika duka la Woolworth mjini Greensboro, North Carolina, wakaomba kuhudumiwa. Walikataliwa, wakabaki wameketi. Maandamano ya kukaa yalienea miji mingi ya kusini, na Julai mwaka huohuo kaunta ile ikaanza kuhudumia watu wote. Duka lilifungwa mwaka 1993. Tarehe 1 Februari 2010, miaka 50 kamili baada ya tukio, jengo lilifunguliwa kama makumbusho ya haki za kiraia. Hakuna anayekula pale leo. Hata hivyo makumbusho haya yanajibu swali la tatu kuliko yote tuliyoyataja, kwa kuwa yamejengwa juu ya hadithi ya mtu aliyenyimwa chakula. Funzo lake ni kwamba jiko linaweza kuzimwa kwa heshima iwapo kilichohifadhiwa ni kizito kuliko mlo. Sharti ni kwamba uzito huo uwe wa kweli na usemwe wazi.

5.0 Dar es Salaam: Boma Lililobaki na Mkahawa Uliobomolewa

Tukirudi Afrika Mashariki, katikati ya Dar es Salaam kuna mlinganisho unaofundisha zaidi kwa sababu majengo mawili yalikuwa katika mji mmoja, chini ya sheria moja. Boma la Kale lilijengwa kati ya 1866 na 1867, zama za Sultani Majid bin Said, kwa ajili ya kuwapokea wageni wake. Liliwahudumia watawala waliofuata, likanusurika ubomoaji, na katika miaka ya 2010 likakarabatiwa na kuwa makao ya Kituo cha Urithi wa Usanifu Majengo cha Dar es Salaam, DARCH. Sasa ni mahali ambapo mgeni na mwanafunzi huanzia kuusoma mji.

Jengo la Salamander, katika Barabara ya Samora, halikupata bahati hiyo. Lilikuwa na mkahawa uliojulikana na vizazi kadhaa vya wafanyakazi wa ofisi, waandishi na wapita njia. Katika miaka hiyohiyo ya 2010 lilibomolewa, na mahali pake pakasimama mnara wa vioo. Mnara huo umechukua jina la Salamander.

Ukilinganisha majengo haya mawili, unaona mwelekeo ambao uhifadhi wa eneo letu haujaukiri. Nyumba ya wageni wa Sultani ilihesabiwa kuwa historia. Mahali pa kunywea chai pa karani palihesabiwa kuwa kiwanja. Wala hatusemi kwamba Boma lilistahili kubomolewa. Tunachosema ni kwamba orodha za urithi zimeandikwa kwa kuuliza nani aliamuru jengo lijengwe, na mara chache zimeuliza nani aliliingia kila siku. Jina lililobaki juu ya mnara linathibitisha kwamba hata mwekezaji alijua mkahawa ule ulikuwa na thamani. Aliikadiria thamani hiyo kwa usahihi, akaitenganisha na watu walioizalisha.

6.0 Rwanda: Makumbusho Mengi, Mgahawa Hakuna

Rwanda haina upungufu wa uzoefu katika kuyapa majengo kazi mpya ya kupokea wageni. Kanisa la Nyamata na shule ya ufundi ya Murambi yamehifadhiwa kama maeneo ya kumbukumbu, kwa uzito ambao nchi chache duniani zimeufikia. Makumbusho ya taifa nayo yameenea: ya Ethnografia mjini Huye, yaliyofunguliwa mwaka 1989, ya Jumba la Mfalme huko Rukari, Nyanza, ya Mazingira mjini Karongi, ya Kampeni dhidi ya Mauaji ya Kimbari katika jengo la Bunge, ya Ukombozi huko Mulindi, na ya Nyumba ya Kandt jijini Kigali. Sheria ya mwaka 2016 ya kuhifadhi urithi wa utamaduni na maarifa ya jadi imeweka msingi wa kisheria.

Ukiisoma orodha hiyo kwa makini, utaona makundi matatu: mfalme na maisha ya kale ya vijijini, mkoloni, na maafa pamoja na ukombozi. Linalokosekana ni kundi la nne, yaani maisha ya kawaida ya mijini katika karne ya 20: duka, karakana, stendi ya magari, mgahawa. Mwananchi wa kawaida anaingia makumbusho kama mtu wa kale asiye na jina, au kama mhanga. Mara chache anaingia kama mtu aliyekwenda kazini, akala saa saba mchana, akarudi.

Nyumba ya Kandt inaonyesha athari ya pengo hili kwa Rusizi moja kwa moja. Richard Kandt, Mjerumani aliyekuja Rwanda mwaka 1898 akitafuta chanzo cha Nile, alijenga makazi yake ya kwanza Shangi, juu ya Ziwa Kivu, katika eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Nyamasheke. Alipofanywa Residenti mwaka 1907 alihamia Kigali, na historia ikahama naye. Mgeni anayefika Kigali anaweza kumsoma Kandt. Anayefika kusini-magharibi anakutana na ziwa na msitu. Aidha, utawala wa Kijerumani ulikuja na askari, wakalimani na wafanyabiashara waliozungumza Kiswahili, na hao ndio waliopanda mbegu ya lugha hii katika miji ya Rwanda. Nyumba ya mtawala imehifadhiwa. Jiko la waliomfasiria halikuhifadhiwa.

Mfano mmoja wa Kigali, hata hivyo, unakwenda kinyume na mwelekeo huo, nao haukuanzia katika idara ya makumbusho. Biryogo, ndani ya Nyamirambo, ni mtaa ambao tangu enzi ya Wabelgiji umehusishwa na Waislamu na wazungumzaji wa Kiswahili. Mwaka 2021 Jiji la Kigali lilizifunga baadhi ya barabara zake kwa magari. Lami ikapakwa rangi, meza zikatoka nje, na wauza chai wakabaki palepale walipokuwa. Karibu na hapo, Kituo cha Wanawake cha Nyamirambo, kilichoanzishwa mwaka 2007, huwatembeza wageni mitaani wakiongozwa na wakazi, na huwapa chakula kilichopikwa nyumbani kwa mwenyeji. Kwa vigezo vyetu, huu ndio mfano bora katika eneo zima: mpishi ni yuleyule, mlaji wa kila siku bado yupo, na lugha haijafukuzwa. Swali lililobaki ni la kodi ya pango. Mtaa unaopendwa na wageni hupanda bei, na rangi ya barabarani haimlindi mpangaji.

7.0 Rusizi: Urithi Ulioko Sahanini

Je, Rusizi ina nini cha kumwonyesha mgeni mezani? Ina zaidi ya inavyodhaniwa.

Kwanza, kahawa. Kilimo cha kahawa nchini Rwanda kwa kawaida hurudishwa kwenye misheni ya Mibilizi, ambayo sasa imo ndani ya Wilaya ya Rusizi, mnamo mwaka 1904. Aina ya mbuni iitwayo Mibirizi imebeba jina la mahali hapo hadi leo. Wilaya ambayo kahawa ya taifa ilianzia ina haki ya kipekee ya kuzungumzia mgahawa, kwa maana ya neno lenyewe.

Pili, sambaza. Samaki hawa wadogo, ambao Kinyarwanda huwaita isambaza, ndio chakula ambacho mgeni wa Ziwa Kivu hupewa kama mlo wa asili. Ukweli ni kwamba walitolewa Ziwa Tanganyika na kupandikizwa Kivu mwaka 1959. Mlo huu ni mgeni aliyekuja ndani ya kumbukumbu ya watu walio hai, akapokewa pande zote mbili za maji hadi akawa mwenyeji. Kituo cha wageni kitakachosema hivyo waziwazi kitakuwa kimefundisha jambo kubwa kuliko neno "asilia" linavyoweza kufundisha.

Tatu, lugha. Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini muda mrefu kabla ya nyaraka hizo, mwanamke aliyevuka daraja la Rusizi na beseni la nyanya au samaki alimuuzia mteja wa Bukavu kwa Kiswahili, akapokea faranga za Rwanda, faranga za Kongo au dola, na akala kabla ya kurudi. Migahawa ya pande mbili za mto imekuwa madarasa ya lugha yasiyo na mtaala. Watafiti wanaopima maendeleo ya Kiswahili nchini Rwanda kwa kuhesabu walimu na vitabu vya kiada hawajakosea, lakini wanaacha nje mahali ambapo lugha hii haikuhitaji kufundishwa. Kama kituo cha wageni kitajengwa juu ya mgahawa wa namna hiyo, kisha maelezo yake yakaandikwa kwa lugha mbili za Ulaya pekee, basi serikali itakuwa imetumia fedha za umma kukiondoa Kiswahili mahali kilipokuwa tayari.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote, ni mwaka 1994. Jengo lolote la biashara lililokuwapo Cyangugu kabla ya mwaka ule lilikuwapo pia mwezi Aprili. Watutsi waliokusanywa katika Uwanja wa Kamarampaka walitolewa humo wakaenda kuuawa. Kilima cha Mibilizi, tulichokitaja kwa ajili ya kahawa, nacho kilikuwa mahali pa mauaji. Haiwezekani kumsimulia mgeni mbuni wa kwanza na kuyanyamazia yale ya pili, kana kwamba kilima ni viwili. Ukarabati wa mgahawa hupendelea wakati wa furaha: nembo za zamani za bia, viti vya zamani, muziki wa zamani. Katika Rwanda, neno "zamani" halina kipindi kisicho na swali. Aliyekuwa mmiliki aliishia wapi? Wateja waliokuwa wakiketi dirishani waliishia wapi? Jengo lilimilikiwa vipi baadaye? Mradi usioweza kustahimili maswali haya haufai kuanza.

Kwa upande huohuo, historia ya ukoloni inadai jibu. Katika miji ya Kongo ya Kibelgiji, Mwafrika hakukaribishwa katika mikahawa ya Wazungu karibu hadi mwisho wa utawala ule. Bukavu, iliyowahi kuitwa Costermansville, na Cyangugu iliyoitazama kutoka ng'ambo, zilikulia katika mpangilio huo. Kaunta ya enzi ya Wabelgiji inayorejeshwa kwa ustadi bila kueleza nani alisimama nyuma yake na nani hakuruhusiwa kukaa mbele yake itakuwa imerudia pengo la Shamrock, tena bila udhuru, kwa kuwa mfano wa Greensboro upo na unajulikana.

8.0 Masharti Matano kwa Watungasera

Kutokana na uhakiki huu, tunapendekeza masharti yafuatayo.

Sharti la kwanza ni kwamba jiko liendelee kuwaka. Sehemu ya jengo ibaki kuwa mahali pa kula kwa bei ambayo mchuuzi wa mpakani anaimudu, na bei hiyo iandikwe katika mkataba wa uendeshaji. Pingamizi la kawaida ni usalama wa moto na usafi. Ni pingamizi la haki, lakini jibu lake ni dohani bora, maji na vyoo. Wala si kulizima jiko.

Sharti la pili ni kumlinda mpangaji kabla ya jengo kutajwa hadharani. Kwa sababu hiyo makala haya hayakutaja jengo lolote la Rusizi kuwa linafaa. Kulitaja jengo kabla ya kumlinda anayepika ndani yake ni kumwitia dalali. Sheria ya mwaka 2015 ya kutwaa mali kwa manufaa ya umma imejengwa juu ya thamani ya ardhi na ya mali iliyo juu yake. Wateja aliowalea mpishi kwa miaka 20 hawapimiki kwa mita za mraba. Mkataba wa muda mrefu wa upangaji, wenye kodi iliyodhibitiwa, utangulie usanifu.

Sharti la tatu linahusu lugha. Maelezo ya Kiswahili na ya Kinyarwanda yatungwe kwanza, na si kutafsiriwa mwishoni kutoka lugha ya mshauri. Tofauti si ya heshima tu. Maandishi yaliyotungwa kwa ajili ya msomaji wa Bukavu au Bugarama huanza na yale anayoyajua. Maandishi yaliyotafsiriwa humweleza vitu anavyoviona kila siku kama kwamba ni mgeni kwao.

Sharti la nne ni uchunguzi wa historia ya jengo, pamoja na mwaka 1994, ufanywe na watafiti wakishirikiana na manusura na Wizara ya Umoja wa Kitaifa na Ushiriki wa Kiraia, na matokeo yake yaamue kama jengo linafaa kwa kazi hii. Huenda uchunguzi ukaonyesha kwamba jengo fulani linastahili kuwa mahali pa kumbukumbu na si mahali pa chai. Uamuzi huo uheshimiwe, kama ulivyoheshimiwa Greensboro.

Sharti la tano ni kwamba kituo kisitegemee watalii pekee. Machi 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, biashara zilizotegemea wageni wa mbali zilisimama siku moja. Kituo chenye walaji wa hapohapo kina mapato hata siku ambayo hakuna basi la watalii. Hoja hii peke yake ingetosha kumshawishi mshauri wa bajeti, hata asipojali historia.

Watatokea watakaosema kwamba masharti haya yanaufanya mradi uwe mgumu, na kwamba mji unaohitaji ajira hauna anasa ya kuchagua. Tunakubali kwamba ajira zinahitajika. Lakini ajira zilizoko ndani ya mgahawa unaofanya kazi ni ajira pia, na mara nyingi ni za wanawake. Mradi unaoajiri wapokezi wachache na kuwaondoa wapishi, wachuuzi wa kuni na wauza samaki waliowazidi kwa idadi si mradi wa ajira, hata ukizinduliwa kwa sherehe.

9.0 Hitimisho

Mifano tuliyoihakiki inaonyesha njia nne. Shamrock iliokoa ganda. Latrobe ilirudisha kinywaji kwa mwenye tiketi. Dar es Salaam iliokoa nyumba ya Sultani na kuupoteza mkahawa wa karani. Greensboro ililizima jiko kwa sababu iliyostahili. Biryogo haikukarabati mgahawa wowote, lakini imebaki karibu zaidi na maana ya neno hilo kuliko zote.

Kwa Rusizi, swali si kama mji una jengo la kale linalofaa kupakwa rangi. Swali ni kama Wilaya, mamlaka za urithi na watafiti wa Kiswahili wako tayari kuwaandika mpishi wa mpakani na mteja wake katika orodha ya urithi, kwa hadhi ileile waliyopewa wafalme na mabwana wa ukoloni. Hatua ya kwanza haihitaji mkandarasi. Inahitaji mtafiti atakayeketi Kamembe na Cyangugu, aorodheshe migahawa iliyopo, aandike nani anapika, nani anakula, wanalipa nini na wanazungumza nini, na awaulize wazee jengo lilikuwa la nani. Orodha hiyo ikikamilika, mbunifu ataweza kuitwa.